Mafuta yakishuka bei, mbadala wako bado unalipa?

Jumatano ya kwanza ya mwezi ndiyo siku ninayopigiwa simu kuliko zote. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, ikishatangaza bei kikomo na petroli ikawa imepanda, kufikia adhuhuri nimeshaongea na watu watatu wanne: mmoja anataka kujua kufunga gesi kwenye gari ni shilingi ngapi, mwingine anauliza paneli ngapi zitaendesha friji za duka lake, mwingine ana mashine ya kusaga huko Kongwa na dizeli imemchosha. Mwezi ambao bei imeshuka, simu inanyamaza. Hata yule aliyekuwa akinisukuma, "Injinia, tufanye haraka," ukimtumia makadirio ya gharama hajibu.

Mimi ni mhandisi wa mitambo. Nilianza na injini za dizeli, nikaingia kwenye sola, na miaka ya karibuni gesi ya magari imenichukulia muda mwingi. Ninachowaambia wateja, na wengi hawapendi kukisikia, ni kwamba hesabu ya nishati mbadala haipigwi siku mafuta yakiwa ghali. Siku hiyo kila kitu kinalipa, hata upuuzi. Ipige kwa bei ya chini kabisa unayoikumbuka. Ikikubali hapo, funga mtambo wako ulale usingizi.

Na bei ya chini si ya zama za mababu. Juni 2020, wakati korona imefunga viwanja vya ndege duniani, petroli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 1,520 kwa lita. Agosti 2022 ikawa 3,410, tena ruzuku ya serikali ikiwa ndani yake. Bajaji ni zilezile, barabara zilezile. Sisi hatusafishi mafuta. Mtambo wa TIPER pale Kigamboni uliacha kazi hiyo zamani na sasa ni maghala. Kila lita inakuja na meli ikiwa imeshasafishwa na inalipiwa kwa dola. Ndiyo maana mtu anayefuatilia bei ya pipa la mafuta ghafi tu kwenye simu yake hushangaa. Mwaka 2023 pipa lilikuwa chini kuliko mwaka uliotangulia, lakini dola zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na kuanzia Julai ikaongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita. Kufikia Oktoba petroli ilikuwa imerudi juu ya 3,200. Soko la mafuta lina milango mingi ya kupandia bei, na baadhi ya milango hiyo iko hapa hapa nyumbani.

Somo hili nililipata kwenye mbono, ule mmea unaoitwa pia jatropha. Vijana wa leo hawaukumbuki ule wazimu. Mwaka 2007 na 2008 pipa lilikuwa linapanda kila wiki, mpaka Julai 2008 likafika dola 147, na kila mwenye shamba alihubiriwa mbono kaburi. Hauhitaji maji mengi, mbuzi hawaugusi, unaota hata kwenye kokoto, na mbegu zake zina mafuta yanayoendesha injini ya dizeli. Yote hayo ni kweli, na ndiyo maana yaliwanasa watu. Kampuni za nje zilichukua maelfu ya hekta Kisarawe na Kilwa. Mimi nilikuwa kwenye mradi mdogo upande wa Monduli, kwenye vijiji ambavyo mbono ulikuwa umepandwa miaka mingi kuzungushia maboma na mashamba. Hatukuhitaji kupanda kitu. Tulipeleka kinu cha kukamulia na injini aina ya Lister, zile za India za nguvu farasi 8, zenye gurudumu zito ubavuni na pipa la maji la kuipoozea. Injini ile ilikuwa inazungusha mashine ya kusaga mchana, na jioni inazungusha dainamo ya kuchaji betri za watu.

Kiufundi ilifanya kazi. Mafuta ghafi ya mbono ni mazito mara kumi na zaidi kuliko dizeli, na asubuhi za Julai kule yanaganda kwenye filta kama uji uliolala. Kwa hiyo tuliweka matangi mawili. Unawasha kwa dizeli, unaiacha injini ipate moto, huku bomba la mbono tukiwa tumelizungusha kwenye ekzosi ili mafuta yapate joto yalainike. Hapo ndipo unageuza koki. Kabla ya kuzima, unarudi kwenye dizeli dakika kadhaa kusafisha pampu na nozeli, ukisahau unakuta masizi magumu yameziba matundu ya nozeli na kesho yake unapiga hendeli mpaka mabega yanauma. Kijana aliyekuwa anaiangalia mashine hakuwa na haja ya kipimajoto. Alikuwa anasikiliza mlio, anaweka kiganja kwenye bomba, anasema, "Bado," kisha anakaa. Kwa maoni yangu alikuwa fundi bora kuliko baadhi yetu tuliotoka chuo.

Kilichotushinda ni kuchuma. Lita moja ya mafuta inakula kilo tano hivi za mbegu, na mbegu za mbono haziivi kwa pamoja. Unapita kwenye uzio leo, unarudi wiki ijayo, kisha unakaa kubangua. Mtu mwenye mikono myepesi anapata kilo mbili kwa saa, wakati mwingine mbili na nusu. Maana yake lita moja ni saa mbili za mtu, na bado hujakamua, hujachuja, hujamlipa wa mashine. Tulikuwa tunanunua kilo kwa shilingi 200, yaani shilingi 1,000 kwa lita kabla kinu hakijazunguka. Mama mmoja aliyekuwa kiongozi wa kikundi alinieleza bila kuzunguka: "Mwanangu, hiyo elfu moja yako ni nzuri, lakini kwa saa hizo mbili mimi nimeshafika mnadani na maziwa yangu nimerudi."

Halafu tukagundua kikundi chake kilikuwa kinanunua mafuta yetu yaliyokamuliwa, na hawakuwa na injini. Walikuwa wanatengeneza sabuni. Sabuni ya mbono inasifika kwa magonjwa ya ngozi, na lita ileile iliyotugharimu kuichoma kwenye Lister, wao waliigeuza vipande vya sabuni vilivyowarudishia hela mara kadhaa. Kwenye mkutano wa mradi, wafadhili wakiwepo, nilipendekeza tuwanunulie akina mama mashine ya kukatia sabuni na injini tuirudishe kwenye dizeli. Nilijibiwa kwamba mradi ni wa nishati. Desemba 2008 pipa likawa chini ya dola 40, na mwaka uliofuata wafadhili walikuwa wanazungumzia mambo mengine. Kwenye yale mashamba makubwa maumivu yalikuwa ya watu wengi zaidi: kufikia 2011 Kisarawe wafanyakazi walishaachishwa kazi kwa mamia, na wanakijiji waliotoa ardhi yao wakabaki kushika tama.

Hesabu ya lita, kilo na saa ingeweza kupigwa nyuma ya daftari la shule. Haikupigwa kwa sababu dola 147 ilikuwa inaijibu kila hoja.

Sola ilikuja kwa njia tofauti, na mlango wake ulifunguliwa na mafuta ya taa. Kabla ya 2011 mafuta ya taa yalitozwa ushuru kidogo ili mtu wa kijijini awashe koroboi yake, na wajanja wakawa wanayachanganya kwenye dizeli kwa mapipa. Magari yalikufa pampu nchi nzima. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Dawa ilifanya kazi kwenye malori, na uchungu wake ukaenda kwa bibi mwenye koroboi. Ndani ya miaka michache vijiji nilivyovizoea vikiwa gizani vilianza kuwa na taa nyeupe madirishani: kwanza tochi za Kichina za betri kavu, kisha kataa kadogo kenye kipaneli ukubwa wa daftari.

Hapa ndipo sola ilipofaulu mtihani wangu. Kuanzia katikati ya 2014 pipa liliporomoka kutoka zaidi ya dola 110 mpaka chini ya 30 Januari 2016. Kama sola ingekuwa kama mbono, ingekufa miaka hiyo. Badala yake ndiyo ilisambaa. Bei yake ilikuwa inashuka yenyewe bila kumtegemea mtu: wati moja ya paneli iliyokuwa zaidi ya dola 3 kiwandani mwaka 2008 leo iko chini ya senti 20. Betri za lithiamu nazo, uniti moja ya uwezo ilizidi dola 1,000 mwaka 2010, na 2024 wastani ulikuwa dola 115. Mtu akiniuliza mbadala upi ni wa kweli, natazama kama bei yake inashuka kwa nguvu zake au inangoja mafuta yapande.

Nisiipambe sana, maana sola nayo imeumiza watu. Ukifika nyumba ambayo "sola imekufa", mara nyingi paneli iko nzima juu ya bati na betri ndiyo marehemu. Wanawauzia betri ya gari. Ile imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, ukiishusha kila usiku mpaka taa zififie haimalizi mwaka. Kitu kingine ni lebo. Paneli imeandikwa wati 100, bei ya kuvutia, na imebebwa na kijana kwa mkono mmoja kama trei ya mayai. Mimi natoka nayo nje saa sita mchana, naielekeza juani, naweka mita kwenye amperi na kuunganisha waya zake mbili moja kwa moja. Paneli ya kweli ya wati 100 ya volti 12 inatoa amperi tano na nusu hadi sita. Kuna siku pale Kariakoo mita ilinipa tatu kasoro, nikamgeuzia muuzaji aone. Akasema, "Kaka, hiyo ni wati 100 za Kichina." Tukacheka wote wawili, na sikuinunua.

Sasa gesi, ambayo ndiyo habari ya mjini. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara lilikamilika 2015. Kwa muda mrefu ilikwenda kwenye mitambo ya umeme na viwanda, na magari yaliyotumia CNG, yaani gesi asilia iliyogandamizwa, yalihesabika. Kilichowaamsha watu ni 2022. Ghafla kila fundi akawa fundi gesi.

Ninavyomwekea mteja hesabu ni hivi. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya karibu lita moja na nusu kasoro ya petroli. Mimi natumia 1.45. Kilo imekuwa ikiuzwa shilingi 1,550. Petroli ikiwa 3,000, kila kilo ya gesi inakuokolea shilingi 2,800. Dereva wa teksi ya mtandaoni anayechoma lita kumi kwa siku atatumia kilo saba, anabaki na 19,600 ambazo zingekwenda sheli. Kama kumfungia mfumo kumegharimu milioni mbili, hela imerudi ndani ya miezi mitatu na nusu. Hapo mteja anatabasamu. Ndipo nampigia ile ya pili, ya Juni 2020: petroli 1,520. Sasa kilo inaokoa 654 tu, siku nzima 4,500 na kitu, na milioni mbili inarudi baada ya mwaka na miezi kadhaa. Bado inalipa, kwa teksi. Lakini mtu wa ofisini anayekwenda Posta na kurudi Tegeta, lita tatu kwa siku, kwa bei ya juu anamaliza deni kwa mwaka, na kwa bei ya chini anahitaji zaidi ya miaka minne. Huyo namshauri abaki na petroli yake na asipoteze buti, maana mtungi wa lita 60 una uzito wa mtu mzima na unakaa palepale ulipokuwa unaweka mabegi ya watoto.

Kuna gharama ambayo haimo kwenye 1,550, nayo ni foleni. Petroli inajazwa dakika tatu. Gesi inategemea kompresa. Mtungi wa gari unatakiwa ufike baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo), na kituo kinafanya hivyo kwa kuwa na akiba yenye mgandamizo mkubwa zaidi. Foleni ikiwa ndefu akiba inashuka, kompresa haiwahi, na gari la ishirini linaondoka na baa 150 au 160. Isitoshe gesi ikisukumwa haraka inapata joto ndani ya mtungi, geji inaonyesha imejaa, ukifika Mwenge imepoa na sindano imerudi nyuma. Madereva wanaamini wameibiwa. Nimemweleza bajaji mmoja hayo yote kwa kirefu, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa mkuu, lakini hewa niliyolipia iko wapi?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, kwa sababu alilipia kilo zilizoingia na si baa, ila kwa mtu aliyekaa foleni tangu saa nane usiku hilo ni fizikia tu.

Dereva anayeingiza shilingi 6,000 kwa saa akikaa foleni saa tatu amepoteza 18,000. Akiba yake ya siku ilikuwa 19,600. Ameambulia nauli ya daladala. Ndiyo sababu nilifurahi kuona vituo vikiongezeka, kile cha TPDC, shirika la mafuta la serikali, barabara ya Sam Nujoma kikiwamo. Kituo kimoja kipya kinashusha gharama ya gesi kuliko punguzo lolote la bei. Na wanaopanga mambo haya wangejua kwamba nje ya Dar es Salaam na mikoa michache, gari la gesi bado ni gari la petroli lenye mzigo wa chuma nyuma.

Kinachonikalia kichwani siku hizi ni kodi. Lita ya petroli hailipii mafuta peke yake. Ndani yake kuna fedha za barabara, na sehemu kubwa ya barabara zetu zinatunzwa kwa tozo hiyo. Kila gari linalohamia kwenye gesi linaendelea kukanyaga lami ileile bila kuichangia. Serikali ililiona. Bajeti ya Juni 2024 ilipendekeza shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, na kelele zilizopigwa mitandaoni unazikumbuka. Nami nilipiga zangu, baadaye nikachukua kikokotozi. Kilo ikiwa 1,932 na petroli 3,000, dereva wa teksi bado anaokoa zaidi ya nusu. Kwa petroli ya 1,520 anaokoa 272 kwa kilo, na milioni mbili zake zinarudi baada ya karibu miaka mitatu, muda ambao gari lenyewe pengine limeshauzwa. Kwa hiyo karatasi ninayompa mteja wa gesi sasa ina safu nne: petroli juu na chini, ikiwa na tozo na bila tozo.

Bajaji za umeme zimeanza kuonekana, na kwao kazi ya mkusanya kodi ni ngumu zaidi. Gesi ina pampu unayoweza kuibandikia tozo. Umeme unaingia nyumbani kwa LUKU, na mita haijui kama uniti hizi tano zimepoza samaki au zimekwenda Mbagala na kurudi na abiria watatu. Kama bajaji hizo zitafika maelfu, tozo ya barabara itahama kwenye kitu kingine: leseni ya mwaka, kilomita, au bei ya betri inapoingia bandarini. Wiki iliyopita nilimwandalia mzee mmoja wa Temeke mchanganuo wa bajaji nne za umeme anazotaka kuzinunua. Akanyoosha kidole kwenye mstari mmoja: "Hii laki mbili na nusu kwa mwaka, tozo ya barabara, umeitoa wapi? Mbona haipo?" Nikamwambia bado haipo, mzee wangu, ila mkopo unaouchukua benki ni wa miaka mitatu.